Mwandiko wa Karani

Jumamosi, 12 Septemba

Leo karudi. Miaka kumi na moja tulikuwa tunamwona kwenye picha tu, leo nimemwona kwa macho yangu akishuka ngazi za ndege, jua la saa saba linawaka, naye kavaa koti zito la sufu kalifunga vifungo mpaka shingoni. Sisi huku chini jasho linatutiririka, yeye kajifunika kama mgonjwa wa homa. Mtu mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Mzee, vua koti, umeshafika nyumbani!" Uwanja mzima ukacheka. Na yeye akacheka, lakini hakulivua. Kufika jioni hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina lake. Ni Mzee Koti, basi.

Nilipeana naye mkono. Nikamwambia mimi ni katibu wa tawi, ila watu wananiita Karani kwa sababu nilikuwa karani wa shule miaka ishirini na sita. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaniandikia zile barua! Mwandiko ule nilikuwa nikiuona, machozi yananitoka." Jamani! Nimerudi nyumbani miguu haigusi chini. Nimetoa daftari hili la mahudhurio lililobaki na kurasa tupu, na nitaandika mpaka uchaguzi upite.

Jumatatu, 14 Septemba

Ofisi yetu ni duka la rangi lililokufa. Ukikaa humo saa moja kichwa kinagonga kwa harufu ya tina ya kuchanganyia rangi. Leo tumekaa saa nne na sikusikia kitu. Mzee Koti alisimama mbele ya ubao akaandika neno moja: KARATASI.

"Mara mbili tulishinda kura," akasema. "Mara mbili tukashindwa karatasi."

Mkakati wake ni huu. Hatutapoteza nguvu kwenye mikutano na vipaza sauti. Vituo ni arobaini, kila kituo tutaweka wakala mmoja, mtu asiyeogopa na anayejua hesabu. Simu haziruhusiwi ndani, kwa hiyo wakala atanakili matokeo kwa mkono wake, atatia saini, atatoka na nakala. Asiye na nakala hana kesi. Kazi ya kuwapata na kuwafundisha hao arobaini kanipa mimi.

Mratibu alikaa pembeni kakunja uso. Huyu ni fundi redio, ndiye aliyekishikilia chama miaka yote Mzee akiwa uhamishoni. Kafungwa mara mbili. Muhuri wa chama aliuficha miaka minne ndani ya redio mbovu, polisi wakapekua duka lake mpaka wakachoka. Hayo nayajua na nayaheshimu. Lakini mtu ana uso wa ndimu, hata salamu anaitoa kwa kipimo.

Ijumaa, 18 Septemba

Kituo namba kumi na tisa, pale chuo cha ufundi, hakuna anayekitaka. Uchaguzi uliopita wakala wetu alitupwa dirishani. Mdogo wangu seremala kasikia nikilalamika, akasema, "Nipe mimi, Dada."

Mama wakati anakata roho alinishika hapa kwenye kifundo cha mkono akaniambia, mdogo wako umtazame. Alikuwa na miaka tisa, mimi ishirini na mbili. Nimemtazama mpaka leo. Sasa nikimkatalia watu watasema Karani anatuma watoto wa wenzake na wa kwao anamficha.

Nimemwandika. Mke wake, yaani wifi yangu, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, kaniambia mbele yake, "Wifi, ukinirudishia mume nusu, hiyo nusu nyingine utanilipa wewe." Tukacheka wote watatu.

Jumapili, 20 Septemba

Joto. Hakuna jipya.

Alhamisi, 24 Septemba

Orodha imekamilika! Sheria inataka majina ya mawakala yafike ofisi ya uchaguzi kabla ya mwisho wa mwezi. Fomu yao ina safu tatu tu: namba, jina, kituo. Mimi kuandika kitu nusunusu siwezi, nikapiga mistari nikaongeza safu mbili: kazi, na anapoishi. Ukihitaji mtu, unamjua na unajua pa kumpata. Nimeandika nakala nne kwa mkono, kalamu ya wino, mistari imenyooka kama imepigwa na mashine. Moja ya ofisi ya uchaguzi, moja ya Mzee, moja ya Mratibu, moja yangu.

Mzee Koti aliishika akaipeleka dirishani kwenye mwanga. "Hii ndiyo kazi," akasema.

Mratibu aliisoma mpaka mwisho, akaikunja. "Karani, umeandika mno."

"Mno vipi?"

"Umeandika mno, nimesema."

Hivyo tu. Kazi ya siku sita! Nimeipeleka mwenyewe ofisi ya uchaguzi, wakaigonga muhuri. Yule dada wa mapokezi kasifia mwandiko.

Jumanne, 29 Septemba

Fundi viatu, namba kumi na nne, kahama kule nyuma ya ghala la saruji, sasa anakaa kwa dada yake. Nimesahihisha nakala yangu, ya Mzee na ya Mratibu. Ile ya ofisi ya uchaguzi nitaisahihisha siku nikipita huko.

Jumatatu, 5 Oktoba

Namba moja, mwalimu wa hesabu. Saa sita mchana, anatoka darasani kwenda kunywa chai. Pikipiki mbili, watu wanne, wote helmeti kichwani vioo vimeshushwa. Hawakumtukana wala hawakumuuliza habari za chama. Mmoja alimuuliza, "Mwalimu, unaandikia mkono gani?" Naye, ualimu tena, akadhani ni mzazi ana swali la mtoto wake, akaunyosha. Wakaulaza juu ya ukuta mfupi wa shule wakaupiga na nondo. Vidole vitatu na kiganja. Watoto wote madirishani wanaona.

Jumatano, 7 Oktoba

Namba mbili, kinyozi. Mteja kwenye kiti, povu usoni. Swali lilelile. Vidole vinne.

Ijumaa, 9 Oktoba

Namba tatu na namba nne, siku moja. Namba tatu ni mpishi wa hoteli, alipigana, akawavunja helmeti moja kwa sufuria. Wakamvunja na mkono na taya. Anakunywa uji kwa mrija.

Waandishi kutoka nje ya nchi wamekuja. Wamepiga picha mikono minne imepangwa juu ya meza ya ofisi yetu, bandeji nyeupe, na Mzee Koti kasimama nyuma yao.

Jumamosi, 10 Oktoba

Wanafuata orodha. Sio mimi peke yangu niliyeona. Wanafuata orodha yangu, namba kwa namba, kwa mpangilio nilioupanga mimi.

Jumanne, 13 Oktoba

Namba saba, mama muuza mboga, ni mwerevu kuliko sisi wote. Alipoulizwa unaandikia mkono gani, alitoa wa kushoto. Wakauvunja wakaondoka. Jana tukamsifu, tukacheka, maskini tulicheka kweli. Sijui nani alipeleka maneno. Leo asubuhi wamerudi sokoni, wakamkuta kakaa nyuma ya meza yake na bandeji, wakamwambia, "Mama, ulitudanganya." Wakavunja na wa kulia. Safari hii wanashika kwanza mkono, wanapapasa kidole cha kati wakitafuta sugu ya kalamu.

Amelazwa. Binti yake anamlisha. Nimemuuliza kama anataka nimwondoe kwenye orodha, akasema, "Uniondoe ili iweje? Wameshamaliza."

Namba saba. Wamebaki kumi na moja kabla ya mdogo wangu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimeanza darasa. Watu wazima wamekaa kwenye viti vya plastiki humo kwenye harufu ya rangi, mkono wa kulia kwenye bandeji, wa kushoto umeshika penseli, wanajifunza kuandika moja mpaka kumi. Namba mbili inawatesa. Nane inalala chali. Kinyozi katoa ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Mwalimu wa hesabu kaandika "47" akaitazama, akaanza kulia, kisha akafuta akaandika tena.

Wale ambao bado hawajaguswa nao nimewaambia wajifunze. Mdogo wangu kashika penseli kama ameshika patasi. "Dada, mimi ni fundi, mikono yangu yote inajua kazi." Kaandika vizuri kunizidi mimi mwenyewe. Nilivitazama vile vidole, kumi vyote, nikatoka nje kuvuta pumzi.

Jumamosi, 17 Oktoba

Leo nimesema. Niandike nilivyosema, nisije baadaye nikajidanganya.

Kikao cha wote. Namba kumi alikuwa kaumizwa jana. Nyundo, mkuu wa vijana wetu wa ulinzi, mtu mwenye mabega ya mbeba magunia, akasimama akauliza, "Orodha imetokaje? Nani anayo?" Mzee Koti akanitazama mimi. "Karani, nakala ziko ngapi?"

Nikasema ya kwangu ipo kabatini, ufunguo shingoni. Ya kwako, Mzee, unayo. Ya ofisi ya uchaguzi ina muhuri wa serikali, hiyo ni ya kisheria. Na moja anayo Mratibu.

Ningeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Siku ile ile ninampa, hakuwa na furaha. Aliniambia nimeandika mno. Mimi najiuliza, alijuaje kwamba nimeandika mno, kama hakujua litakalotokea?" Nikaongeza na methali juu yake, eti kikulacho ki nguoni mwako. Watu wakaguna kwa kukubali.

Mratibu alisimama polepole. "Karani," akasema, "mwizi hapewi ramani. Ndiyo maana ya maneno yangu. Hakuna zaidi."

Alimgeukia Mzee Koti akangoja. Sote tulingoja. Neno moja la Mzee lingetosha, angesema tu, huyu namjua. Mzee Koti aliangalia vifungo vya koti lake, akavifungua kimoja kimoja, akalivua kwa mara ya kwanza tangu arudi, akalitundika msumarini. "Joto," akasema. "Tuendelee na ajenda."

Jumapili, 18 Oktoba

Wamempiga Mratibu. Si wenye helmeti. Ni vijana wetu.

Saa tano asubuhi waliingia dukani kwake, sita, Nyundo akiwa mbele, uso wazi, fulana za chama. Jirani yake muuza vyombo kaniambia yote. Walianza na redio. Walizipiga chini moja moja, za watu, zilizoletwa kutengenezwa, huku wanauliza, "Umewauzia bei gani?" Yeye anajibu, "Hiyo ni ya mjane wa mtaa wa pili, iacheni." Halafu wakamgeukia yeye. Walimpiga na kiti chake mwenyewe. Alipoanguka kwenye meza ya kazi, pasi ya kuchomelea nyaya ilikuwa bado ya moto, ikamgusa jicho. Jirani anasema kelele ile hataisahau. Walimburuta mpaka nje, wakammwagia chokaa usoni, wakaandika MSALITI mlangoni.

Nimekaa na daftari tangu saa nane. Nasema moyoni, kama ni yeye, imemstahili. Nalirudia. Halitulii.

Jumatatu, 19 Oktoba

Namba kumi na moja. Nyundo anasema Mratibu alikuwa ameshawapa orodha, kwa hiyo lazima iendelee. Inaingia akilini. Nimejilazimisha iingie.

Jumatano, 21 Oktoba

Namba kumi na mbili, kumi na tatu. Mawingu yamekuja yakaondoka.

Ijumaa, 23 Oktoba

Fundi viatu, namba kumi na nne, hajaguswa. Niandike taratibu.

Mchana wenye helmeti walikwenda nyuma ya ghala la saruji, kwenye chumba alichohama mwezi uliopita. Humo kuna mpangaji mpya, mwalimu wa udereva, mtu ambaye hata kujiandikisha kupiga kura hajajiandikisha. Wakamwita, "Fundi viatu!" Akasema si mimi. Wakasema kila mtu anasema si yeye. Kawaonyesha leseni. Waliisoma, wakaitazama, mmoja akasema, "Tumeshafika, basi." Wakamvunja kifundo cha mkono na vidole vyote. Mke wake mjamzito alijitupa katikati, wakampiga teke.

Anapoishi. Nyuma ya ghala la saruji. Nakala yangu nilisahihisha. Ya Mzee nilisahihisha. Ya Mratibu nilisahihisha kwa mkono wangu, mbele yake, akaniambia asante. Anwani ile ya zamani imebaki kwenye karatasi moja tu duniani, na karatasi hiyo niliipeleka mimi, kwa miguu yangu, ikagongwa muhuri, nikasifiwa mwandiko.

Fomu yao ilikuwa na safu tatu. Hawakuniuliza mtu anaishi wapi. Niliwaambia mwenyewe.

Ee Mungu wangu, nimefanya nini.

Jumamosi, 24 Oktoba

Nilimkuta Mzee Koti peke yake, anakunywa chai. Koti liko msumarini. Nikamwambia orodha imetoka ofisi ya uchaguzi, ni ile yenye safu zangu, Mratibu hana kosa, kosa ni langu.

"Najua," akasema.

Nilidhani sikumsikia. "Unajua tangu lini?"

"Tangu namba tatu. Nina mtu mle ofisini."

"Na Mratibu? Mzee, yule mtu jicho limekufa!"

Aliweka kikombe chini. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniuma. Alizungumza nami kwa upole, kama siku ile uwanjani. "Kaa, Karani. Miaka kumi na moja niliandika barua. Kwa wakubwa wote wa dunia. Mama yangu alizikwa mimi niko kwenye foleni ya ofisi moja huko, nimeshika karatasi. Hakuna aliyejibu. Sasa tumetuma picha moja ya mikono minne kwenye bandeji, wamepiga simu wenyewe. Waangalizi mia mbili wanakuja. Kila mkono ni kura elfu. Ungetaka nifanye nini, niwafiche hao watu?"

"Ndiyo!"

"Tungeshindwa."

"Na ukanyamaza wakati mimi namsingizia mwenzako."

"Yeye angeanza kuniuliza maswali haya haya unayouliza wewe," akasema. "Chama hakina nafasi ya watu wawili wa kuuliza."

Nilisimama. Kwenye ukuta nyuma yake kuna nakala yake ya orodha, kaibandika. Kapiga alama ya vema, kwa wino mwekundu, kwenye kila aliyevunjwa.

"Namba kumi na tisa ni mdogo wangu," nikasema.

"Najua," akasema tena. "Pole."

Jumatatu, 26 Oktoba

Hospitali. Mratibu kalala upande, bandeji imefunika nusu ya kichwa. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama, maana kiti sikukistahili. Nikangoja anitukane.

Kauliza jambo moja tu. "Ulikuwa na kinyongo gani na mimi?"

Ukweli ni kwamba hakuusifia mwandiko wangu. Nimeshindwa kuusema. Akageuza uso ukutani na mimi nikatoka.

Jumanne, 27 Oktoba

Namba kumi na tano. Nimemwambia mdogo wangu ajiondoe. Amekataa. Nimempigia magoti, mimi, dada yake, nimempigia magoti kwenye maranda ya mbao, na amekataa. "Wenzangu wamevunjwa, mimi nikimbie? Dada, ungenionaje?" Ningekuona mzima, nimemwambia. Wifi kalia mpaka kakosa maneno, na hilo sijawahi kuliona.

Ijumaa, 30 Oktoba

Namba kumi na sita. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilisha wakala. Nimekwenda ofisi ya uchaguzi, nikaingia mlango ulipofunguliwa tu. Yule dada wa mapokezi akanitolea orodha yangu. Nimekata jina la mdogo wangu kwa rula, mstari mmoja, nikaandika juu yake la kwangu. Kazi: karani. Anapoishi: nikajaza vizuri, mpaka rangi ya geti.

Akaigonga muhuri. "Mwandiko wako, Mama, kama umechapwa," akasema. Sijui kama anajua. Ana macho mazuri tu.

Mdogo wangu alipopata habari alikuja anapiga kelele mtaa mzima unasikia. "Umenivua nguo mbele ya watu!" Nikamjibu hasira zako zipeleke kwenye mbao, mimi bado ni mkubwa wako. Ameondoka bila kuaga.

Jumatatu, 2 Novemba

Kumi na saba na kumi na nane, asubuhi na jioni. Nimefua, nimepanga kabati, nimekata kucha. Nimeandika mistari miwili kwa mwandiko wangu bora kabisa, hivi, ili ubaki mahali.

Ijumaa, 6 Novemba

Kwa kushoto. Herufi zinaanguka.

Walikuja Jumanne saa nne asubuhi. Nilikuwa natandika kitanda.

"Namba kumi na tisa?"

"Ni mimi."

"Unaandikia mkono gani?"

Hofu ilinibana mpaka nikajikojolea. Naandika kwa kuwa ni kweli. Mmoja akanishika mkono akapapasa sugu ya kidole. Miaka ishirini na sita ya kalamu. Hakukuwa na la kudanganya.

Waliulaza kwenye kizingiti. Aliyeshika nondo akasita. Akasema ndani ya helmeti, "Samahani, Karani."

Sauti ya kijana. Nilimwandikisha darasa la kwanza, sijui ni yupi.

Mara tano. Nilihesabu.

Jumapili, 8 Novemba

Uchaguzi. Mvua hatimaye. Nilikaa kituo cha kumi na tisa kwa muda wa saa kumi na tatu. Homa. Waliponipa fomu, wakala wa upande wa pili, kijana wa duka la dawa, alinishikia karatasi isiteleze. Hakuambiwa. Kaishikilia tu mpaka nikamaliza. Namba zimepinda. Zimesomeka.

Nakala ninayo. Zote arobaini tunazo.

Jumatano, 11 Novemba

Ameshinda. Uwanjani kanipandisha jukwaani, kaushika mkono wangu wenye plasta kauinua juu mbele ya kamera. Uliuma mpaka nikaona giza. Watu walipiga vigelegele. Alikuwa kavaa koti.

Jumamosi, 14 Novemba

Ukurasa huu naandika tangu adhuhuri.

Mdogo wangu alikuja asubuhi. Hatujasemezana tangu ile siku. Kaweka mezani kibao kilicholala mteremko, kina ukingo wa kuzuia karatasi, kakipiga msasa mpaka kinateleza. "Cha mkono wa kushoto," akasema. Nikavitazama vidole vyake. Vyote vipo. Nilikuwa namjaribia kibao, kalamu mkononi, geti likagongwa.

Nyundo. Pikipiki nje, na helmeti mpya kwapani.

"Shikamoo Mama. Mzee anakusalimu. Anasema kazi yako bado haijaisha." Akatoa karatasi kubwa nyeupe, kaifungua mezani. "Anataka orodha ya mawakala wa upande ule. Vituo vyote arobaini. Jina, kazi, anapoishi. Safu zako zilezile."

"Za nini?"

"Za kuwajua tu, Mama."

Mkono wa kushoto na kalamu yake niliuteremsha chini ya shuka lililo mapajani. Nikainua wa kulia, plasta yote, nikamwekea mbele ya pua.

"Mwambie Mzee, Karani hana mkono."

Aliitazama plasta, akakitazama kibao. "Na hiki?"

"Ni cha kukatia nyama," mdogo wangu akasema.

Nyundo akaikunja karatasi yake. Akasema haidhuru, watu wenye mwandiko mzuri wapo wengi. Hilo ni kweli.

Pikipiki ilipokwisha kusikika, nikaenda kwa Mratibu. Yupo dukani, anaokota vipande vya redio. Neno MSALITI limefutwa nusu. Nikamwambia nimekuja kwa nini. Hakunikaribisha kiti. Alibaki kanipa upande wenye jicho bovu, akaendelea kuokota, na kwa sauti ileile ya kipimo akaanza kunitajia majina, kituo kwa kituo, wa upande ule, wote anaowakumbuka. Kinyozi wa stendi. Mjane wa kiwandani. Kijana wa duka la dawa.

Nimeandika vikaratasi kumi na moja tangu hapo. Kila kimoja maneno mawili: Wanakuja. Hama. Mdogo wangu kanyosha mkono avichukue akavipeleke, mkono wake wa kulia, ule ule. Nilivishikilia kidogo. Akasubiri. Nikaviachia.

Ameondoka navyo kwenye mvua. Bado naandika kingine, maana Mratibu kamkumbuka wa kumi na mbili. Mwandiko ni mbaya. Unasomeka.